Linux Mint inapogoma kuwaka: tathmini ya zana zake za uokoaji kwa mtumiaji wa nyumbani wa Nyanda za Juu Kusini

Mapitio mengi ya mifumo endeshi huanza na sura: rangi za madirisha, mpangilio wa menyu, wepesi wa kufungua programu. Hayo yana nafasi yake, lakini kwa mtu anayetumia kompyuta nyumbani Mbeya, Tukuyu, Makambako au Iringa mjini, naona liko swali linalotangulia yote: asubuhi ambayo kompyuta itagoma kuwaka, mfumo wenyewe utakuwa umeniachia nini mkononi cha kuurudishia? Tathmini hii inaipima Linux Mint kwa swali hilo. Nimeitumia nyumbani kwa miaka kadhaa, nimeisimika kwenye kompyuta za ndugu na majirani, na zilipokwama niliitwa mimi. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji asiitafute: kwa nyumba za huku, sijaona mfumo wa bure unaomwezesha mtu wa kawaida kujiokoa kuliko huu, ingawa una dosari ambazo watengenezaji wake wangeweza kuzirekebisha na bado hawajazirekebisha.

Mazingira yetu ndiyo yanayolipa swali hili uzito. Kompyuta ya mezani ya kawaida huku ni ile iliyokwisha kutumika ofisini nchi za nje, Dell OptiPlex au HP ya aina hiyo, inayouzwa kwenye maduka ya Kabwe na Mwanjelwa ikiwa na RAM ya GB 4 na diski kuu ya kuzunguka iliyofanya kazi miaka mingi kabla ya kufika kwetu. Haina betri, na wengi wetu hatuna UPS, yaani betri ya nje inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Umeme ukikatika, inazimika palepale, hata kama ilikuwa katikati ya kuandika kwenye diski. Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na Tukuyu, iliyo kwenye miteremko ya mlima Rungwe, ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini. Radi zinapoanza alasiri umeme huenda na kurudi, na kurudi kwenyewe pengine ni kwa kishindo. Juu ya hayo, tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 haipewi tena msaada wa kawaida, na Windows 11 inadai TPM 2.0, kipengele cha usalama cha ndani ya kompyuta, pamoja na vichakato vipya kuliko vilivyomo katika nyingi ya kompyuta hizi. Ndiyo maana siku hizi naulizwa habari za Linux na watu ambao zamani hawakuwa na haja nayo: walimu, wenye vibanda vya stesheneri, wazazi wenye watoto wa sekondari.

Linux Mint ilianzishwa mwaka 2006 na Clément Lefebvre, na mpaka leo hutolewa bure. Ninalolipima hapa ni toleo la 22, lililotoka Julai 2024, ambalo limejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na litapewa masasisho ya usalama hadi mwaka 2029. Kwa kompyuta yenye RAM ya GB 4 nashauri Mint yenye sura ya Xfce, iliyo nyepesi kuliko yenye sura ya Cinnamon. Faili la kupakua lina karibu GB 3, na kwa bando la simu hilo si jambo dogo. Wengi hulipakua kwa bando la usiku au hulipokea kwa mtu aliyekwisha kulipakua. Njia zote mbili ni halali, mradi ulinganishe namba ya uhakiki ya SHA256 na ile iliyotolewa na Mint wenyewe, kwa sababu faili lililokatika njiani huzaa flashi mbovu, nawe utahangaika kutafuta ugonjwa kwenye kompyuta ilhali ugonjwa uko kwenye flashi.

Faili hilo likishaandikwa kwenye flashi, kwa programu kama balenaEtcher au Rufus, linakuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kusimika mfumo. Ya pili, ambayo ndiyo hasa ninayoisifu, ni kuiwasha kompyuta bila kuigusa diski kuu kabisa. Ukichomeka flashi na kubonyeza F12 kwenye Dell au Lenovo, au Esc kisha F9 kwenye HP, unachagua flashi na baada ya muda mfupi unakuwa ndani ya Mint kamili, yenye kivinjari, programu ya kukagua diski, GParted ya kugawa diski, Timeshift na Boot Repair. Ikiwa diski haikufungwa kwa usimbaji, unaweza kufungua folda za kompyuta iliyogoma na kunakili picha, barua za kikundi na hesabu za duka kwenda kwenye diski ya nje kabla hujajaribu tiba yoyote. Kwangu mimi hatua hii ya kunakili kwanza ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zana zote zilizobaki, kwa kuwa mfumo unaweza kusimikwa upya mchana mmoja, lakini matokeo ya mitihani ya darasa zima hayasimikwi upya.

Watu husema “kompyuta haiwaki” wakimaanisha mambo tofauti sana. Inapowashwa, BIOS, yaani programu ya msingi iliyomo kwenye ubao mkuu, hukagua vifaa; kisha hukabidhi kazi kwa GRUB, kianzishi kinachojua mifumo iko wapi; GRUB hupakia keneli, yaani kiini cha mfumo, pamoja na mfumo mdogo wa muda uitwao initramfs; huo hutafuta diski na kukagua mafaili yake; halafu huduma moja baada ya nyingine huamshwa mpaka dirisha la kuingilia litokee. Kila kituo kina namna yake ya kukwama na maneno yake ya kulalamika, na mtu akijua imekwama kituo gani, nusu ya kazi imekwisha. Hapa Mint naipa alama nzuri na mbaya kwa pamoja. Nzuri, kwa sababu ujumbe wake wa hitilafu karibu kila mara husema kweli na hutaja kifaa kwa jina. Mbaya, kwa sababu ujumbe huo hufichwa nyuma ya nembo, na mtumiaji mgeni hubaki akiitazama nembo isiyosogea bila kuambiwa kwamba akibonyeza Esc ataona maandishi yote yaliyoko nyuma yake. Sentensi moja tu ya maelezo chini ya nembo hiyo ingewaokoa wengi.

Hitilafu ninayokutana nayo kuliko zote, na ambayo naamini kila mwenye kompyuta ya mezani katika nyanda hizi ataikuta siku moja, ni ile ya mfumo wa mafaili kuvurugika baada ya umeme kukatika. Mint hutumia ext4, ambayo huweka shajara ya mabadiliko ili kompyuta ikizimika ghafla iweze kujua ni kazi ipi haikukamilika. Shajara hiyo huokoa hali nyingi bila mwenye kompyuta kujua kuna kilichotokea. Lakini diski ya zamani iliyokatiwa umeme mara kwa mara hufika mahali ambapo ukaguzi wa kawaida wa wakati wa kuwaka hukuta makosa ambayo haudiriki kuyarekebisha bila idhini ya mwenye mali, nao husimama na kukuachia uamuzi. Mdogo wangu, mwalimu wa shule ya msingi wilayani Rungwe, alinipigia simu asubuhi moja ya masika kwa jambo hilohilo.

“Kaka, shikamoo. Kompyuta imeleta maandishi meupe tupu, imesimama. Mwishoni pameandikwa initramfs ndani ya mabano.”

“Marahaba. Juu ya mabano hayo kuna mstari unaotaja fsck. Nisomee wote, polepole.”

“The root filesystem on /dev/sda2 requires a manual fsck.”

“Vizuri. Andika fsck, acha nafasi, kisha /dev/sda2 kama ulivyosoma, halafu bonyeza Enter.”

Maswali yakaanza kumiminika, kila moja likitaja namba ya kitu kilichoharibika na kumalizia kwa kuuliza kama kirekebishwe. Akajibu y, akajibu y tena, mpaka nikamwambia abonyeze herufi a, ambayo ni idhini kwa maswali yote yaliyobaki. Mwishoni ulitokea mstari wenye maneno FILE SYSTEM WAS MODIFIED, akaandika exit, na Mint ikaendelea kuwaka kutoka pale ilipokuwa imesimama. Hakuhitaji flashi, hakuhitaji intaneti, na hakuhitaji kubeba kompyuta hadi mjini. Kwa mtu aliye mbali na fundi, jambo hilo lina uzito kuliko sifa yoyote inayoandikwa kwenye tangazo.

Nilimruhusu afanye hivyo kwa simu kwa kuwa diski yake niliwahi kuipima na kuikuta nzima. Hili ni sharti ambalo maelekezo mengi huliruka, na kuliruka kunaweza kumgharimu mtu mafaili yake yote. Ukaguzi wa fsck huandika kwenye diski; diski inayokufa ikilazimishwa kuandikwa, huweza kupoteza hata kile ambacho kingenakilika. Kwa hiyo kama diski inatoa sauti ya kugonga-gonga, au hitilafu imerudi siku chache tu baada ya kurekebishwa, washa kwa flashi, fungua programu ya Disks, kisha kwenye menyu yake usome taarifa za SMART, ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake. Safu mbili ndizo za kuangalia: Reallocated Sector Count, yaani idadi ya vipande vya diski vilivyokwisha kustaafishwa, na Current Pending Sector Count, vipande ambavyo diski imeshindwa kuvisoma na bado haijaamua la kuvifanya. Hiyo ya pili ikiwa juu ya sifuri, acha habari za kurekebisha, nakili mafaili muhimu kwanza, kisha anza kutafuta diski nyingine. SSD ndogo ya GB 240 au 256 inatosha kabisa kwa Mint ya nyumbani, na kompyuta ya zamani ikiwekewa hiyo hubadilika tabia. Programu ya Disks naisifu kwa dhati: inaonyesha mambo mazito kwa sura ambayo hata mtoto wa kidato cha pili anaweza kuisoma.

Ukipita hapo, msaada unaofuata uko kwenye menyu ya GRUB, ambayo kwa kawaida imefichwa na huonekana ukibonyeza Esc kwenye kompyuta za UEFI, yaani BIOS ya kisasa, au ukishikilia Shift kwenye zile za BIOS ya zamani mara tu baada ya kuwasha. Ndani ya Advanced options Mint huhifadhi keneli iliyotangulia, hivyo kama kompyuta imegoma baada ya masasisho, unachagua keneli ya zamani na unaendelea na kazi siku hiyohiyo. Pale pale kuna hali ya urejeshaji yenye orodha fupi ya matengenezo: kukagua diski, kurekebisha vifurushi vilivyosimikwa nusunusu, kuandika upya GRUB. Kitu kimoja zaidi cha GRUB ni kwa wenye kadi za picha za NVIDIA wanaopata kioo cheusi badala ya dirisha la kuingilia: bonyeza e juu ya mstari wa Mint, ongeza neno nomodeset baada ya quiet splash, kisha F10. Badiliko hilo ni la mara moja tu. Ukishaingia, simika dereva sahihi kupitia Driver Manager.

Sasa niseme juu ya Timeshift, kwa sababu ndani yake mna uzuri na ubaya wa Mint kwa pamoja. Programu hii, ambayo timu ya Mint ilichukua dhamana ya kuiendeleza mwaka 2022, hupiga picha ya mfumo mzima kwa siku unazochagua, na picha zinazofuata hazirudii mafaili ambayo hayajabadilika, hivyo haziongezi ukubwa sana. Masasisho yakiharibu kitu, au mtoto akifuta asichokijua, unawasha kwa flashi, unafungua Timeshift, unachagua picha ya wiki iliyopita, na mfumo unarudi kama ulivyokuwa. Nimeiona ikirudisha kompyuta iliyokuwa haifiki hata kwenye dirisha la kuingilia, na mafaili ya mwenyewe yakabaki salama kwa sababu kwa kawaida Timeshift haigusi folda ya nyumbani. Jambo hilohilo ndilo linalowachanganya wengi: kwa kuwa haigusi folda ya nyumbani, picha zake si nakala rudufu za kazi zako. Kazi zako lazima uzinakili mwenyewe mahali pengine.

Ubaya wake ni kwamba haianzi kufanya kazi mpaka uiwashe. Dirisha la makaribisho la Mint linakushauri kuiwasha, lakini dirisha hilo watu hulifunga siku ya kwanza bila kulisoma, na siku ya msiba hakuna picha hata moja. Tena, ukiiwasha bila kubadilisha chochote huweka picha zake kwenye diski ileile ya mfumo. Kwenye diski ndogo picha hizo hujilimbikiza pamoja na masalia ya masasisho, nafasi inakwisha, na kompyuta inaanza mtindo unaowatesa sana wasioujua: unaandika nywila, kioo kinakuwa cheusi kidogo, kisha unarudishwa palepale kwenye dirisha la kuingilia kana kwamba nywila si sahihi. Wengi huamini wamesahau nywila. Ukweli ni kwamba hakuna nafasi ya kuandika mafaili madogo ambayo eneo la kazi linayahitaji ili kufunguka.

Tiba yake haihitaji flashi. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Utapata kioo cha maandishi, ingia kwa jina na nywila yako, kisha andika df -h. Mstari unaoishia na alama ya mkwaju peke yake ukisoma asilimia 100, ugonjwa umeupata. Amri ya sudo apt clean huondoa vifurushi vya masasisho vilivyobaki, sudo journalctl --vacuum-size=100M hupunguza kumbukumbu za mfumo, na sudo timeshift --list hukuonyesha picha zilizopo ili ufute za zamani. Ninachoilaumu Mint ni kwamba dirisha la kuingilia halisemi neno lolote juu ya nafasi kujaa. Mfumo unaojua kusema kweli kwenye hatua ya initramfs ungeweza kusema kweli hapa pia. Ushauri wangu ni kuweka Timeshift kwenye diski ya nje iliyoandaliwa kwa ext4, kwa kuwa haikubali kuhifadhi picha kwenye diski ya FAT wala NTFS, na kubakiza picha mbili au tatu tu za kila wiki.

Diski hiyo ya nje nayo ina mtego wake. Aliyeiandika kwenye faili la fstab ili ifunguke yenyewe, kisha mtu wa nyumbani akaichomoa kwenda kunakili picha za harusi, atakuta kompyuta ikisubiri sekunde 90 na mwishowe ikiingia hali ya dharura. Neno nofail likiongezwa kwenye mstari wake ndani ya fstab, kompyuta itawaka iwepo diski hiyo isiwepo.

Boot Repair ndiyo zana inayotajwa sana, na inastahili, kwa aina moja ya tatizo: GRUB yenyewe kuharibika au kuwekwa kando. Hili huwapata hasa wanaoweka Mint na Windows kwenye kompyuta moja. Unawasha kwa flashi, unafungua Boot Repair kwenye kundi la Administration, unabonyeza kitufe cha Recommended repair, na kwa kawaida baada ya kuwasha upya menyu ya GRUB inarudi. Nina mawili ya kulalamikia. La kwanza, inahitaji intaneti, na kwa mtu ambaye bando limekwisha na simu ndiyo modemu yake, zana ya dharura inayodai mtandao ni ya nusu dharura. Anayejua amri anaweza kuifungua diski kutoka kwenye flashi, akaingia kwa chroot na kuendesha grub-install kisha update-grub bila mtandao wowote, lakini hilo siwezi kumtwisha mtu wa kawaida. La pili, hujitolea kupakia mtandaoni ripoti ya diski zako ili uombe msaada kwa kiungo chake. Ripoti hiyo haina mafaili yako, lakini inaeleza mpangilio mzima wa kompyuta. Isome kabla hujakubali.

Wenye mifumo miwili wajue pia yaliyotokea Agosti 2024, sasisho la Windows lilipobadilisha orodha ya vianzishi vinavyokubaliwa na Secure Boot, ulinzi wa BIOS unaozuia vianzishi visivyoaminika. Kompyuta nyingi zenye Linux zilisimama na ujumbe wa Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation, na flashi za zamani nazo zikakataliwa kwa sababu hiyohiyo. Boot Repair haina la kufanya hapo kama flashi yenyewe haiwaki. Kinachotakiwa ni kuingia kwenye mipangilio ya BIOS, kuzima Secure Boot, kuingia Mint na kuisasisha, kisha kuandaa flashi mpya. Nimekuwa nikiwaambia wote waandike flashi upya kila toleo jipya linapotoka, na tukio lile ndilo sababu.

Yapo ambayo hakuna mfumo utakaoyatibu, na ni haki kuyataja ili Mint isilaumiwe bure. Kompyuta hizi za zamani nyingi zina betri ndogo ya CR2032, ya volti 3, iliyokwisha nguvu. Ikiisha, kila umeme unapokatika BIOS husahau saa na mpangilio wa diski ya kuanza nayo. Asubuhi unakuta ujumbe kwamba hakuna kifaa cha kuanzia, au ukaguzi wa diski unalalamika kuwa mara ya mwisho diski ilifunguliwa wakati ujao, jambo ambalo ni kweli kwa kompyuta inayoamini iko miaka mingi nyuma. Betri hiyo ni ya bei ndogo na hupatikana hata kwa mafundi saa. RAM iliyolegea au kushika vumbi la kiangazi hutoa milio badala ya picha. Izime, chomoa waya wa umeme, itoe, sugua meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, irudishe. Ikiwaka lakini ikawa inaganda ovyo, chagua memtest, kipimo cha RAM, kwenye menyu ya flashi na uiache ifanye kazi usiku.

Kuhusu mafundi, nasema hili kwa heshima kwa sababu wengi wana ujuzi mkubwa wa vifaa: fundi aliyezoea Windows akikutana na mabano ya initramfs, tiba yake ya kwanza mara nyingi ni kupiga Windows, na kupiga Windows maana yake ni kufuta diski. Ukimpelekea kompyuta yenye Mint, mwambie kabla hajaishika kwamba hakuna kufomati, mwachie flashi yako, na mwandikie ujumbe uliouona kwenye kioo. Mbeya ina vijana wengi wanaosoma kompyuta Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kule Iyunga, na Iringa ina vyuo vyake. Kati yao hakosekani anayeijua Linux, ingawa hana duka wala kibao barabarani.

Dosari ninayoiona kubwa kuliko zote ni lugha. Hatua zote nilizoeleza, kuanzia GRUB hadi maswali ya fsck, kwetu huja kwa Kiingereza, na mama mwenye duka aliyemudu Mint vizuri katika siku za amani huachwa peke yake siku ya hitilafu. Mdogo wangu alifanikiwa kwa kuwa anaisoma lugha hiyo na alikuwa na mtu wa kumpigia. Tafsiri ya maneno mia chache ya hatua hizo ni kazi ambayo wanafunzi wetu wangeweza kuifanya, na Mint hupokea kazi za kujitolea.

Kwa hiyo naipendekeza Mint kwa mwalimu, mwanafunzi na mwenye stesheneri ambaye kazi zake ni kuandika, kuchapa na kutumia intaneti, kwa masharti ambayo siyalegezi: Timeshift iwashwe siku ya kwanza, flashi ibaki kwenye droo ya meza ileile, na UPS, hata ndogo, inunuliwe mapema kabla ya mvua. Anayetegemea programu ya hesabu au ya mashine maalumu inayotengenezwa kwa Windows tu, asihame kabla ya kuijaribu kwa flashi. Na mwenye kompyuta ya zamani zaidi, yenye kichakato cha biti 32, asipoteze bando lake: Mint iliacha kichakato hicho tangu toleo la 20 la mwaka 2020, na flashi ya toleo la 22 haitaweza hata kuiwasha.